Mbwa Msaidizi kwa Mtoto Mwenye Usonji: Mwongozo kwa Familia

Mbwa msaidizi wa mtoto mwenye usonji ni mbwa aliyefunzwa kazi mahususi za kumlinda mtoto huyo, kumtuliza na kuwarahisishia watu wa nyumbani mwake shughuli za kila siku. Mafunzo yake ya msingi hayana tofauti kubwa na ya mbwa wa kipofu: hujifunza kutii, kutulia ndani ya basi na dukani, na kupita chakula kilichoanguka chini bila kukigusa. Tofauti iko kwa anayemwongoza. Kipofu humwongoza mbwa wake mwenyewe, ilhali mbwa wa mtoto mwenye usonji huongozwa na mzazi, na mtoto huwa wa tatu kati yao. Kwa hiyo familia inayompokea mbwa wa namna hii inajitwika kazi mpya ya kila siku, na faida yote itakayopatikana hutegemea jinsi mtu mzima anavyoibeba kazi hiyo.

Kazi hii ilianzia Kanada. Mwaka 1996 shirika la National Service Dogs, lenye makao yake Cambridge, Ontario, lilianza kufunza mbwa kwa ajili ya watoto wenye usonji. Shirika la Irish Guide Dogs for the Blind la Cork, Ireland, lililokuwa likiwahudumia vipofu, liliingia katika kazi hiyo mwaka 2005. Huko Quebec lipo shirika la Mira, na katika jimbo la Ohio, Marekani, lipo 4 Paws for Ability la mji wa Xenia, ambalo tangu mwanzo lilikubali maombi ya watoto wadogo ambao mashirika mengine yaliwakataa kwa sababu ya umri. Uingereza ina Dogs for Good. Mbwa wanaotumika zaidi ni wa jamii ya Labrador na Golden Retriever, au machotara wa hao wawili, kwa kuwa ni wapole, wana mwili mkubwa na hawashtuki ovyo.

Mtoto anayechoropoka

Sababu ya kwanza inayowafanya wazazi wengi waombe mbwa ni usalama. Mtoto mwenye usonji anaweza kuuachia mkono wa mama ghafla na kukifuata kilichomvutia, iwe ni maji, treni au feni inayozunguka dukani. Au anaweza kuikimbia sauti iliyomuumiza masikio. Akishaondoka haangalii nyuma, na mara nyingi haitiki akiitwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics, uliohusu zaidi ya watoto 1,200 wenye usonji nchini Marekani, ulionyesha kwamba karibu nusu yao, asilimia 49, waliwahi kujaribu kuondoka mahali salama baada ya kutimiza miaka minne. Kati ya wale waliopotea kwa muda wa kutia hofu, asilimia 65 walikuwa katika hatari ya kugongwa na gari, na asilimia 24 katika hatari ya kuzama. Mzazi aliyewahi kumtafuta mtoto asiyejua kutaja jina lake hahitaji takwimu hizo, lakini ndugu, walimu na majirani wanaodhani kwamba anamdekeza mtoto au hamwangalii vya kutosha wanazihitaji sana.

Mbwa humzuia mtoto huyu kwa njia rahisi. Mtoto huvaa mkanda kiunoni, na mkanda huo huunganishwa kwa kamba fupi na vazi alilofungwa mbwa kifuani. Mzazi hushika kamba yake ya kumwongozea mbwa. Mtoto akichomoka, mbwa husimama papo hapo, huketi au hulala chini, na uzito wake wa kilo 30 hivi humkwamisha mtoto kwa zile sekunde mbili tatu ambazo mzazi anahitaji ili amshike. Mbwa hamvuti mtoto wala hamwangushi. Hufunzwa kujikita tu. Baada ya miezi kadhaa watoto wengi huacha kujaribu kukimbia wakiwa na mbwa, kwa sababu wameshazoea mwendo wake. Yapo mashirika yasiyotumia kamba hii, nayo humfundisha mtoto kushika mpini ulioshonwa kwenye vazi la mbwa.

Masharti ya kamba hiyo hayana mjadala. Mtoto na mbwa hawaunganishwi kamwe bila mtu mzima kushika kamba ya kuongozea. Huachanishwa kabla ya kupanda bembea, kushuka ngazi kali au kusogea ufukweni. Njia hii hufaa watoto wadogo. Mtoto akiwa na uzito na nguvu za kumburuta mbwa, muda wa kamba umekwisha, maana mbwa anayeburutwa huumia mabega na uti wa mgongo. Kamba haitumiki kama adhabu, na mtoto anayehofia kufungwa asilazimishwe. Huanza kwa dakika chache uani, kisha barazani, kisha mtaani kusiko na magari, na sokoni huja mwisho.

Baadhi ya mbwa hufunzwa pia kumfuata mtoto kwa harufu yake pindi anapopotea. Hii ni kazi ngumu zaidi na hudai mazoezi yasiyokatika: mtu mmoja humficha mtoto, mwingine humpa mbwa nguo aliyoivaa mtoto huyo, na huyo wa pili hutafuta pamoja na mbwa. Familia isiyoweza kufanya mazoezi hayo mara kwa mara isihesabu kwamba ina mbwa wa kumtafuta mtoto, hata kama karatasi za mafunzo zinasema hivyo.

Mbwa hachukui nafasi ya kufuli. Komeo lililo juu ya kimo cha mtoto, kengele ndogo inayolia mlango ukifunguliwa, bangili yenye namba ya simu ya mzazi, mafunzo ya kuogelea na majirani wanaomfahamu mtoto ni vitu vya kuwekwa kwanza, kabla hata fomu ya kuomba mbwa haijajazwa.

Utulivu, usingizi na kutoka nyumbani

Mtoto mwenye usonji huweza kuzidiwa na vitu ambavyo wengine hawavitambui: mlio wa taa, harufu ya sabuni, sauti za watu wengi wanaoongea pamoja. Mbwa hufunzwa kuweka kichwa, au nusu ya mwili wake, juu ya mapaja ya mtoto kwa amri ya mzazi. Uzito huo uliotulia huwafariji watoto wengi, na wataalamu wa tiba kazi huutafuta kwa njia nyingine wanapotumia blanketi zito. Amri hutolewa mapema, dalili zinapoanza: mtoto anapoziba masikio, anapoanza kuzunguka chumbani au kupandisha sauti. Akishafika kwenye kilele cha dhiki yake, anapopiga mateke na kurusha vitu, mbwa huondolewa chumbani. Kumwacha hapo kwa matumaini kwamba atafanya muujiza ni kumweka mbwa na mtoto katika hatari, na mbwa aliyepigwa mara mbili tatu ataanza kumkwepa mtoto huyo.

Mbwa anaweza pia kukatiza tendo la kujiumiza. Mtoto anayejing'ata mkono au kugonga kichwa ukutani huguswa na pua ya mbwa, na mguso huo humtoa katika mzunguko aliomo. Hapa ni lazima mzazi atofautishe. Kupunga mikono, kuyumbayumba na kurudia maneno hakumdhuru mtu, na mara nyingi ndiyo njia ya mtoto ya kujituliza. Kumfunza mbwa azuie mambo hayo ili mtoto aonekane kama wenzake ni kumnyima mtoto dawa yake mwenyewe.

Kwa habari ya usingizi, wazazi wengi husimulia kwamba mtoto aliyekuwa akiamka mara nne usiku alianza kulala moja kwa moja baada ya mbwa kulazwa chumbani mwake, na nyumba nzima ikapata kulala. Haitokei kwa kila mtoto. Wapo wanaokerwa na mkoromo wa mbwa au joto lake, na kwao mbwa hulala mlangoni.

Utafiti mmoja wenye uzito ulifanyika Quebec na kuchapishwa mwaka 2010. Watafiti walipima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kwenye mate ya watoto 42 wenye usonji: kabla ya mbwa kufika, mbwa akiwa nyumbani, na baada ya kuondolewa kwa muda. Kwa kawaida homoni hiyo hupanda mtu anapoamka. Kabla ya mbwa ilipanda kwa asilimia 58. Mbwa alipokuwapo ilipanda kwa asilimia 10 tu. Alipoondolewa ilirudi hadi asilimia 48. Matokeo hayo hayasemi kwamba mbwa anatibu usonji, na usonji wenyewe si ugonjwa wa kuponywa. Yanaonyesha kwamba mwili wa mtoto unaweza kuutambua uwepo wa mbwa hata pale ambapo mtoto hana maneno ya kulieleza jambo hilo. Ushahidi mwingine mwingi ni wa familia chache na masimulizi ya wazazi, na usomwe kwa kiasi hicho.

Faida nyingine huonekana mtaani. Usonji hauonekani kwa macho, hivyo mtoto anayepiga kelele dukani huhukumiwa pamoja na mama yake. Vazi la mbwa huwaeleza wapita njia kwamba kuna ulemavu, na macho ya kulaumu hugeuka kuwa maswali. Watoto wengine husogea, huuliza jina la mbwa, na mtoto ambaye hakuwahi kuzungumzwa na wenzake hupata mazungumzo mafupi kuhusu kitu anachokipenda. Familia zilizokuwa zimejifungia nyumbani kwa miaka huanza tena kwenda sokoni, kanisani na kwa jamaa. Kwa maoni ya mwandishi wa mwongozo huu, faida hii hupewa uzito mdogo kuliko inavyostahili, maana upweke wa wazazi hao ni mzigo unaovunja hata ndoa.

Nyumba inayofaa

Kabla ya kuomba, wazazi waandike matatizo matatu makubwa zaidi ya siku yao, kisha waangalie ni mangapi kati ya hayo ambayo mbwa anaweza kuyafanyia kazi. Kuchoropoka, kukosa utulivu hadharani na kukosa usingizi ni mambo yake. Kujifunza kusoma, kula vyakula vya aina nyingi au kuacha nepi yako nje ya uwezo wake, na familia inayotarajia hayo itavunjika moyo.

Mtoto mwenyewe akutanishwe na mbwa watulivu mara kadhaa, katika nyumba za watu tofauti. Wapo watoto wasiovumilia mbweko, manyoya au ulimi wenye mate, na wapo wasiojali kabisa kama mbwa yupo. Mtoto asiyejali bado anaweza kunufaika na usalama wa barabarani. Mtoto mwenye hofu kali hawezi. Mtoto anayewaumiza wanyama kwa nguvu na mara kwa mara asipewe mbwa kwa sasa, na wazazi wakiri jambo hilo wazi kwenye mahojiano. Pumu na mzio wa manyoya viulizwe kwa daktari mapema.

Swali gumu zaidi ni la watu wazima. Nani atamtoa mbwa kujisaidia saa kumi na moja asubuhi, siku za mvua na siku za theluji? Nani atamwongoza mtaani huku akimwangalia mtoto na kubeba mdogo wake? Mzazi anayelea peke yake anaweza kuiweza kazi hii, lakini awe na mtu wa pili aliyefunzwa. Ikiwa baba hataki mbwa na mama anamtaka, au kinyume chake, ombi lisubiri.

Kumpata mbwa

Mbwa msaidizi huanza kuandaliwa akiwa na wiki nane. Huchukuliwa na familia ya kujitolea inayomlea hadi afikishe mwaka mmoja au zaidi, ikimzoesha watu, magari, lifti na kelele. Kisha hurudi kwa wakufunzi kwa miezi kadhaa ya kazi mahususi. Nyonga, macho na tabia hupimwa, na mbwa wengi huachwa njiani. Wanaobaki ni wale wanaoweza kuvutwa mkia na mtoto bila kugeuka kwa hasira. Gharama ya kumfikisha mbwa mmoja hapo huzidi kwa urahisi dola 20,000 za Marekani. Baadhi ya mashirika, kama Mira na Lions Foundation of Canada Dog Guides la Oakville, Ontario, humtoa mbwa bila malipo kwa kutegemea wahisani; mengine huitaka familia ichangishe sehemu ya fedha. Kusubiri miaka miwili au mitatu ni kawaida, na kwa kuwa mashirika mengi yana kikomo cha umri, ombi hupelekwa mtoto akiwa bado mdogo.

Kusubiri huko ndiko kunakofungua mlango kwa matapeli. Shirika la kuaminika humwona mtoto kabla ya kumchagua mbwa, huwafunza wazazi ana kwa ana, huja nyumbani baada ya kumkabidhi mbwa, na hukubali kumrudisha mambo yakishindikana. Uanachama katika Assistance Dogs International, muungano wa mashirika ya kazi hii wenye utaratibu wa kuyakagua, ni dalili njema. Anayeuza kitoto cha mbwa cha miezi mitatu kwa jina la mbwa msaidizi anauza kitoto cha mbwa. Vyeti na vitambulisho vinavyouzwa intaneti havina thamani yoyote: Marekani, kwa mfano, haina daftari la taifa la mbwa wasaidizi, na sheria haidai cheti.

Familia nyingine huchagua kumfunza mbwa wao wa nyumbani kwa msaada wa mkufunzi. Njia hii inaweza kutoa mbwa mtulivu wa kukaa na mtoto na kumpa uzito mapajani. Kazi ya kamba barabarani iachwe kwa wenye ujuzi, maana kosa moja hapo hulipwa kwa uhai.

Miezi ya kwanza

Mbwa hukabidhiwa baada ya mafunzo ya pamoja ya wiki moja au mbili, na mara nyingi ni wazazi peke yao wanaohudhuria siku za mwanzo. Hujifunza amri, namna ya kushika kamba, kusoma dalili za uchovu wa mbwa na kumpima mtoto mkanda. Mtoto huandaliwa kwa picha: picha ya mbwa, ya mahali atakapolala, ya bakuli lake, na hadithi fupi inayoeleza siku atakapofika. Mtoto mwenye usonji ambaye hakuandaliwa huweza kumwona mbwa kama uvamizi wa nyumba yake.

Amri hubaki katika lugha na maneno aliyofunzwa mbwa. Katika nyumba za Waswahili walioko Toronto, Minneapolis au London, ambako bibi anaongea Kiswahili, wazazi wanachanganya na watoto wanajibu kwa Kiingereza, maneno ya mbwa yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa jikoni, na kila mtu ayatamke vilevile. Mbwa anayeitwa kwa njia tano tofauti huishia kumtii mtu mmoja tu. Bibi naye apewe sehemu yake mapema. Mkubwa wa nyumba asiyeshirikishwa atamfukuzia mbwa nje kila wazazi wakiondoka, na hatakuwa na kosa.

Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo kazi huongezeka badala ya kupungua. Jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa wazazi wengi huomba mbwa wakiwa wamechoka tayari. Mzazi sasa ana wawili wa kuangalia, mtoto bado hajazoea, na mbwa anajaribu mipaka ya nyumba mpya. Safari ziwe fupi: duka moja tulivu, saa isiyo na watu, dakika kumi, kisha nyumbani. Mbwa huwekwa kwenye ratiba ya picha ya mtoto pamoja na chakula na kuoga, na mtoto hupewa kazi ndogo moja asiyoachiwa mtu mwingine, kama kujaza bakuli la maji. Ndugu wa mtoto wasisahauliwe. Mara nyingi wao ndio wanaompenda mbwa kwa haraka zaidi, na wanahitaji kuambiwa ni saa ngapi wanaruhusiwa kucheza naye.

Mbwa naye ana mwili

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Ontario, uliochapishwa mwaka 2008, ulizifuatilia familia 10 zenye mbwa wa aina hii, na uligusa upande unaosahaulika: hali ya mbwa mwenyewe. Mbwa walichoka kwa kukosa mapumziko baada ya kazi, walikosa muda wa kucheza, na wengine walivumilia kushikwa kwa nguvu na watoto. Mbwa wa kipofu hufanya kazi na mtu anayemhisi na kumjibu. Huyu hufanya kazi na mtoto ambaye huenda asitambue kwamba mbwa anaumia.

Kwa hiyo nyumba iwe na mahali ambapo mtoto haruhusiwi kumfuata mbwa, kama kona yenye uzio au chumba cha wazazi. Vazi likivuliwa, kazi imekwisha. Kila siku mbwa apate muda wa kukimbia huru na mzazi, bila mtoto. Kulamba midomo mara kwa mara, kupiga miayo, kugeuza kichwa na kuonyesha weupe wa jicho ni dalili za mbwa anayeomba nafasi, na zikipuuzwa kinachofuata ni kuunguruma. Mbwa aliyeunguruma asiadhibiwe, mkufunzi aitwe. Chanjo, dawa za minyoo na viroboto, kucha na uzito viangaliwe na daktari wa mifugo, hasa uzito, maana watoto hudondosha chakula na Labrador hashibi.

Sheria na shule

Haki ya kuingia na mbwa mahali pa umma hutofautiana kwa nchi. Nchini Marekani sheria ya watu wenye ulemavu, ADA, humtambua mbwa aliyefunzwa kazi mahususi kwa mtu mwenye ulemavu. Mhudumu wa duka au hoteli anaruhusiwa maswali mawili tu: kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani. Hana ruhusa ya kuuliza ugonjwa wa mtoto wala kudai karatasi. Jibu la swali la pili liwe tayari mdomoni, kwa mfano: anamzuia mtoto asikimbilie barabarani. Mbwa ambaye kazi yake ni kufariji kwa kuwapo tu hapati haki hiyo, na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege ya nchi hiyo hayalazimiki kumkubali mbwa wa faraja. Uingereza kinga hutokana na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kanada kila jimbo lina taratibu zake.

Shuleni jambo ni gumu zaidi kwa sababu mzazi hayupo. Nani atashika kamba? ADA hailazimishi shule itoe mtu wa kumtunza mbwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa upande wa familia ya Fry ya Michigan, ambayo binti yake mwenye mtindio wa ubongo alikuwa amekataziwa kwenda shuleni na mbwa wake. Uamuzi huo ulihusu njia ya kufungua kesi, lakini uliziimarishia familia uwezo wa kudai. Hata hivyo haki ya kuingia darasani haina maana kwamba mbwa anafaa kukaa humo saa saba. Watoto wengi wenye usonji hunufaika vya kutosha na mbwa anayewasindikiza hadi lango la shule na kuwapokea mchana.

Imani, na hali ya Afrika Mashariki

Familia za Kiislamu huuliza kuhusu najisi, na swali hilo lijibiwe kwa heshima. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mguso mkavu hauhamishi najisi. Katika madhehebu ya Maliki mbwa huhesabiwa kuwa twahara, yaani si najisi. Kufuga mbwa kwa kulinda, kuwinda na kuchunga mifugo kumeruhusiwa tangu kale, na mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulikubali kijana kipofu afike na mbwa wake wa kumwongoza, akitengewa mahali pa kupumzika wakati wa swala. Familia imwendee sheikh wake ikiwa na maelezo kamili ya hatari inayomkabili mtoto. Kwa vitendo, chumba cha swala hufungwa, nguo za swala huwekwa kando, na mbwa hufunzwa asilambe.

Kwa familia iliyo Mombasa, Mwanza au Bujumbura, kumwagiza mbwa kutoka mashirika yaliyotajwa hapa si njia, kwa kuwa wakufunzi wake ni lazima waweze kufika nyumbani kwa miaka kadhaa. Mbwa wengi wa mitaani na majumbani Afrika Mashariki hufugwa kwa ulinzi: hufungwa mchana, huachiwa usiku, na hufunzwa kumshuku mgeni. Mbwa wa namna hiyo hafai kuwekwa na mtoto mwenye usonji, hata kama ni mpole kwa bwana wake. Kichaa cha mbwa nacho bado kipo. Karibu vifo vyote vya watu kutokana na ugonjwa huo duniani hutokana na kuumwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaokufa. Hofu ya wazazi kuhusu mbwa ina msingi wake.

Anayetaka kujaribu aanze na mbwa mmoja mtulivu, aliyechanjwa kila mwaka, aliyezoea watoto tangu mdogo na anayelala ndani, na kazi yake iwe kukaa na mtoto nyumbani chini ya macho ya mtu mzima. Usalama wa barabarani utafutwe kwingine. Balozi wa nyumba kumi, mwenye duka la jirani na vijana wa bodaboda kijiweni wakionyeshwa mtoto, wakaambiwa jina lake, anapopenda kukimbilia na namna ya kumshika bila kumtisha, mtoto huyo huwa na walinzi kumi mtaani ambao hawakuwapo jana. Kisima kifunikwe, na pipa la maji liwe na mfuniko unaobana.

Mbwa anapostaafu

Mbwa msaidizi hufanya kazi hadi umri wa miaka minane au kumi, kisha hustaafu. Kufikia wakati huo mtoto ni kijana, na mahitaji yake yamebadilika: huenda hachoropoki tena, lakini anahitaji kutulizwa katika daladala au basi la shule. Wengine hawahitaji mbwa wa pili, na hilo ni jambo jema. Familia inayomhitaji huomba mapema, takriban miaka miwili kabla, na huamua kama mzee atabaki nyumbani au atarudi kwa waliomlea. Kubaki kwake kuna gharama, kwani mbwa mzee huhitaji dawa za viungo na mwendo wa polepole, na nyumba ndogo hushindwa kuhudumia wawili. Mtoto huelezwa kwa njia ileile aliyoandaliwa mwanzoni, kwa picha na tarehe kwenye kalenda, na kwa maneno ya moja kwa moja. Mbwa akifa, mtoto aambiwe kwamba amekufa, asiambiwe kwamba amelala au amesafiri, kwa sababu mtoto mwenye usonji hulichukua neno kama lilivyo, na atamsubiri aamke au arudi.